Kulirudisha Porini Gari la Kifahari

Range Rover ya kwanza kutoka kiwandani Solihull, Uingereza, mwaka 1970, haikuwa na zulia. Sakafu ilitandikwa mpira, viti vilikuwa vya reksini, na dashibodi ilikuwa ya plastiki ngumu. Mwenye gari akirudi kutoka shambani na matope hadi magotini aliweza kuvuta mpira wa bustani akaliosha ndani na nje. Bei yake ilianzia pauni 1,998. Waliolibuni walimfikiria mwenye shamba mkubwa, mtu wa kuvuta trela la farasi asubuhi na kwenda mjini jioni kwa gari hilohilo bila kuona aibu.

Leo jina hilo linamaanisha ngozi laini, mbao zilizong'arishwa na viti vinavyomkanda abiria mgongo. Kati ya gari lile na hili kuna nusu karne, na ndani yake imezaliwa kazi ambayo kiwanda hakikuipanga: mtu ananunua gari la kifahari ambalo tajiri amelichoka, kisha anamkabidhi fundi alirudishe kwenye tope, mchanga na mawe. Wengi wameipotezea kazi hiyo fedha nyingi bure. La kusikitisha ni kwamba somo lake kubwa lilipatikana mapema, gari lenyewe likiwa halijatimiza hata miaka miwili sokoni, na bado kila kizazi cha wanunuzi kimelisahau na kulinunua upya kwa bei yake.

Kabla ya Range Rover, gari la porini kwa kawaida lilikuwa chombo cha kazi tu. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam Aprili 1948, ilikaa juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangana. Springi hizo hubeba mzigo mzito bila kulalamika, ila hurusha abiria kichwa kikagonga paa. Charles Spencer King, mhandisi wa Rover ambaye wajomba zake wa ukoo wa Wilks ndio walioianzisha Land Rover, alitaka kitu kingine. Aliweka koili ndefu kwenye magurudumu yote manne, breki za diski mbele na nyuma, fowili isiyozimwa, na injini ya V8 ya lita 3.5 ya alumini ambayo asili yake ni Buick ya Marekani.

Koili ndizo zilizobadilisha mambo. Gari likipita mtaroni, gurudumu moja hushuka shimoni na jingine hupanda ukingo; tairi likining'inia hewani linazunguka bure na gari linakwama. Koili ndefu huliruhusu gurudumu kushuka sana na kubaki limegusa ardhi. King alizitafuta kwa ajili ya ulaini wa safari, akapata pamoja nao uwezo wa kupita pabaya. Ulaini na uwezo vilitoka chuma kimoja. Jambo hilo halikuwaingia vichwani watu wengi waliokuja baadaye kulifanya gari liwe gumu wakidhani wanalifanya liwe imara.

Desemba 1971 magari mawili ya aina hiyo yaliondoka Anchorage, Alaska, kuelekea ncha ya kusini ya Amerika. Msafara huo wa jeshi la Uingereza uliongozwa na ofisa John Blashford-Snell. Barabara Kuu ya Pan-American huunganisha karibu bara zima isipokuwa pengo moja, Darién, pale Panama inapokutana na Colombia: msitu mnene, makorongo, mito, kisha kinamasi cha mto Atrato. Magari yalikuwa yameandaliwa kwa kila kitu ambacho wakati ule kilionekana cha lazima. Yalifungwa winchi, taa za ziada na keria juu, yakabebeshwa ngazi za alumini za kuvukia makorongo, na kulikuwa na mtumbwi wa mpira wa kujaza upepo kwa ajili ya kuyavusha mito. Juu ya hayo yalivishwa tairi kubwa na pana za kinamasi.

Difu zikaanza kuvunjika.

Chanzo hakikuwa ubovu wa kiwanda. Difu ni ule mkusanyiko wa meno ya chuma katikati ya ekseli unaogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, na wahandisi waliupima ukubwa wake kwa tairi lililotoka na gari. Tairi kubwa na zito likizunguka kwa kasi katika tope hukusanya nguvu nyingi. Ghafla likishika mzizi, nguvu hiyo haina pa kwenda isipokuwa kurudi ndani ya ekseli na kukata meno. Ongeza mzigo wa keria, ongeza dereva anayekanyaga mafuta kwa hofu ya kukwama, na chuma hakina la kufanya. Ilibidi msaada wa kiufundi na spea vitoke Uingereza wakati msafara umesimama msituni. Kazi ya kutangulia kupima njia ikafanywa na Land Rover kuukuu iliyonunuliwa hukohuko Panama. Pengo lilivukwa mwaka 1972 baada ya takriban siku 100, na picha za gari linaloelea juu ya mtumbwi zikaitangaza Range Rover dunia nzima. Habari za difu hazikutangazwa kwa nguvu hiyo.

Somo lilikuwa wazi kwa aliyetaka kusoma: gari lile lilikuwa na uwezo tangu kiwandani, na kilicholiangusha ni vitu lilivyoongezewa. Wafaransa walilielewa upesi zaidi. Thierry Sabine alipoanzisha mashindano ya Paris–Dakar, yaliyoondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978, gari la kwanza kufika kati ya magari yote lilikuwa Range Rover ya Alain Génestier. Mwaka 1981 René Metge na Bernard Giroux walishinda tena kwa Range Rover. Jangwani uzito ni adui anayeonekana kwa macho, kwa sababu gari zito huzama, na hapo hapana msitu wa kufunga kamba ya winchi.

Afrika Mashariki ilikuwa na ushahidi wake wa zamani kuliko huo, ingawa si wa fowili. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya na nduguye Jaswant walishinda East African Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika mashindanoni kabla haijafika mikononi mwao. Mbio zile zilivunja magari mapya ya viwanda vikubwa mwaka hadi mwaka, na Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Alijua kila boliti iliyokuwa chini yake.

Huku nyuma, Range Rover yenyewe ilikuwa ikipanda ngazi ya jamii. Milango minne ilikuja mwaka 1981, gia za kujiendesha zikafuata, na mwaka 1987 gari likaanza kuuzwa rasmi Marekani, ambako mnunuzi hakuwa na habari ya kuosha sakafu kwa mpira wa maji. Kila lilipopanda bei likiwa jipya, lilizidi kushuka thamani likizeeka. V8 ilikunywa petroli bila huruma, na mafuta yalikuwa yamepanda tangu mgogoro wa 1973. Tena, ngozi ya nje ilikuwa ya alumini kwa sehemu kubwa lakini mifupa ya ndani ilikuwa ya chuma, na chuma kile kilishika kutu kimyakimya. Mlango wa nyuma ulioza kwanza, kisha sakafu ya buti, kisha nguzo.

Hapo ndipo desturi ya kuliandaa gari la kifahari lililotumika ilipozaliwa kwa maana kamili, katika mashamba na machimbo ya mawe ya Uingereza, miaka ya 1980 na 1990. Vijana wasio na fedha walinunua Range Rover zilizooza bodi lakini chasisi, ekseli na koili zikiwa nzima. Wakakata sehemu iliyooza nyuma ya magurudumu, wakafupisha chasisi, wakaondoa zulia, vioo vizito na viti vya nyuma. Sehemu ya nyuma iliyokuwa ikikwaruza ardhi kila gari linapotoka shimoni ikawa haipo tena. Wengine walitoa V8 na kuweka injini ya dizeli. Wengine walivua bodi yote na kuvisha ya Land Rover ya kazi juu ya chasisi hiyo, ambayo ekseli ya mbele na ya nyuma zimetengana inchi 100. Kwa kupunguza tu, walipata gari linalopita mahali ambapo jipya la dukani lilisimama.

Rover nao walikuwa wakifanya jambo linalofanana na hilo kiwandani. Land Rover One Ten ya mwaka 1983 ilichukua koili za Range Rover, na Discovery ya mwaka 1989 ilikuwa bodi ya gari la familia juu ya chasisi ya inchi 100 ileile. Kwa hiyo mashindano ya Camel Trophy yalipofika Afrika Mashariki mwaka 1991, yakianzia Tanzania na kuishia Burundi, zile Discovery za njano zilizokatiza tope la bara zilikuwa, chini ya bodi, watoto halisi wa gari la 1970. Zilifungwa winchi, keria, bomba la kupitishia hewa juu ya kioo cha mbele, na bamba za chuma za kulinda tumbo. Kwa upande wa springi na ekseli, uwezo ulikuwa uleule wa King.

Kisha ukaja upepo. Mwaka 1992 Range Rover ilianza kufungwa springi za upepo badala ya koili: mifuko ya mpira inayojazwa na kompresa, ikisimamiwa na kompyuta, ili gari lijinyanyue porini na kujishusha lami. Likiwa jipya ni raha tupu. Likifikisha miaka 10 au zaidi, mpira hupasuka vijistari, upepo huvuja usiku, na asubuhi mwenye gari hulikuta limelala chini. Kompresa inayohangaika kujaza mifuko inayovuja huungua nayo. Biashara nzima ya vifaa vya kurudisha koili imekua juu ya tatizo hilo, na kwa anayekwenda mbali na mji ni vigumu kuilaumu. Hata hivyo mara nyingi mtu hutoa springi za upepo ambazo zingepona kwa mifuko mipya minne, akaweka koili ngumu za kubebea tani, halafu akashangaa mbona gari linaruka makorongoni kuliko lori.

Toyota walipitia njia hiyohiyo kwa mwendo wao. Land Cruiser 80, iliyoonyeshwa mwishoni mwa 1989, iliunganisha koili na ekseli nzima mbele na nyuma ndani ya gari lenye viti vya ngozi, na baadhi zilikuja na loki za difu kutoka kiwandani. Iliyofuata, ile 100 ya mwaka 1998, iliacha ekseli nzima ya mbele, na matoleo ya juu yakapewa mfumo wa kupandisha na kushusha gari kwa mafuta na matufe ya gesi. Nchini Tanzania magari ya ukoo huu yalipata jina la mashangingi, na kwa miaka mingi yalikuwa alama ya ofisi kubwa na ya malalamiko ya wananchi juu ya matumizi ya serikali. Shangingi nalo huzeeka. Huuzwa mnadani, hubadili mikono, na siku moja hujikuta gereji, mmiliki mpya akitaka lipande milima ya Usambara wakati wa masika.

Sheria nazo zimechagua magari yatakayofika gereji hizo. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini, na Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Tanzania huruhusu la zamani zaidi ila hulitoza ushuru wa ziada kwa uzee wake. Kwa hiyo gari la kifahari kutoka Japani au Uingereza hufika Mombasa likiwa bado na kompyuta na vihisi vyake vyote, na Dar es Salaam likiwa pengine limekwisha kuanza kuchoka. Spea hutafutwa Kirinyaga Road jijini Nairobi, Gerezani karibu na Kariakoo, na soko la Kisekka, Kampala. Mafundi wa maeneo hayo wamejifunza magari haya kwa kuyafungua, na ujuzi wao haujaandikwa ipasavyo popote.

Fundi mzuri hutambulika kwa mahali anapoanzia. Mwenye gari huja na picha simuni: bampa la chuma, taa za mstari juu ya paa, tairi za inchi 35. Fundi mzuri huingia chini kwanza. Hufungua nati ya difu ya nyuma na kuacha oili ishuke kwenye karai. Ikiwa safi na ya dhahabu iliyokoza, anaendelea. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia. Hapo hatafuti tu oili mpya, anatafuta maji yalikopita. Mara nyingi ni kile kijibomba cha kupumulia juu ya ekseli. Difu ya moto ikizama ghafla kwenye mto baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili au kijibomba hicho. Dawa yake ni mrija mrefu wa mpira unaopandishwa hadi karibu na injini, kazi ya saa chache na vifaa vya bei ya chini kabisa katika orodha nzima. Hakuna mwenye gari anayekuja gereji na picha ya mrija huo.

Sumaku nayo inasema mengine. Nati ya chini ya difu nyingi huwa na sumaku, na sumaku hukusanya unga wa chuma. Unga laini ni uzee wa kawaida. Kipande kinachoshikika kwa vidole ni jino lililokatika. Kisha fundi huchukua mtaimbo, akausukuma kati ya mkono wa ekseli na chasisi kupima kama busha zimekufa. Anamwambia kijana wake azungushe usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, naye akiwa ameweka kiganja juu ya boljoint kusikia kama inacheza. Rejeta huangaliwa mapezi yake, kwa kuwa injini inayopoa vizuri lami kwa kilomita 100 kwa saa inaweza kuchemka kwenye mchanga ikitembea 15 huku ikinguruma mfululizo. Katika Land Cruiser nyingi za dizeli zilizotoka Japani, mkanda wa taimingi hupangiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na gari likija bila kumbukumbu za sevisi, fundi mwaminifu huuhesabu kuwa haujabadilishwa.

Baada ya hapo ndipo huja tairi, na hapa Darién inarudi. Tairi la porini la saizi ya kiwandani au iliyozidi kidogo, lenye kuta nene, hubeba karibu mahitaji yote ya barabara za vijijini. Kupunguza upepo kutoka pauni 35 hadi 18 hivi kwenye mchanga hurefusha alama ya tairi ardhini na kulifanya gari lielee mahali lilipokuwa likizama. Hakuna kifaa kingine chenye faida hiyo, na gharama yake ni kompresa ndogo ya kurudishia upepo. Ndoano madhubuti za kuvutia gari, zilizofungwa kwenye chasisi, ni za lazima kabla ya winchi. Winchi ya umeme imekuwepo tangu Warn wa Marekani walipoiuza mwaka 1959, ni msaada mkubwa, na pia ni makumi ya kilo mbele ya ekseli ambayo springi zake hazikuzitarajia.

Kwa anayetaka kuona mafundi wa Kenya wamefika wapi, mahali pa kwenda ni Rhino Charge. Mashindano haya yalianza mwaka 1989, wakati faru weusi wa Kenya walikuwa wamebaki chini ya 400 kutoka kiasi cha 20,000 mwaka 1970. Fedha zake ziliingia mfuko wa Rhino Ark kujenga uzio wa umeme kuzunguka milima ya Aberdare, uzio wa takriban kilomita 400 uliokamilika mwaka 2009. Kasi si kigezo kikuu cha ushindi. Washindani wana saa 10 kufika vituo 13 katika eneo ambalo hufichwa hadi siku zikaribie, na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi. Hiyo maana yake ni kushuka genge moja kwa moja badala ya kulizunguka. Magari ya pale yamekatwa, yamefupishwa na kupunguzwa hadi mifupa, na kati yake zimewahi kuwamo Range Rover za koili ambazo hapo awali zilipelekwa mjini zikiwa zimefutwa vumbi kwa kitambaa cha manyoya.

Magari ya miaka ya karibuni yamebadilisha kazi yenyewe. Range Rover ya kizazi cha tatu, iliyoonyeshwa mwishoni mwa 2001, iliacha chasisi ya kujitegemea na ekseli nzima. Iliyoifuata mwaka 2012 ikawa na bodi yote ya alumini. Hapa mkato wa msumeno wa vijana wa Uingereza hauwezekani tena, na fundi asiye na kompyuta ya kusoma hitilafu hawezi hata kulishusha gari salama. Kikwazo kikubwa porini kimekuwa rimu. Tajiri wa kwanza alichagua za inchi 20 au 22 zenye tairi jembamba kama mkanda, ambalo jiwe moja hulipasua na rimu pamoja. Fundi hutafuta rimu ndogo kabisa itakayopita juu ya breki, akiijaribu moja moja kabla ya kulipa, kwa sababu gari la mwaka mmoja na jina moja linaweza kuwa na breki za ukubwa tofauti kulingana na injini. Gerezani, rimu za inchi 18 za Discovery huulizwa kuliko taa za paa, na muuzaji anayezijua huuliza kwanza injini ni ipi.